Jicho Juu ya Kabati

Haya yote niliambiwa na Misuk, jirani yangu wa ukuta mmoja, mwezi wa kumi na moja mwaka jana, tukiwa tumechuchumaa uani tunapaka pilipili kabichi za kuweka kwa ajili ya baridi. Misuk ni mlezi katika nyumba ya wazee ya hapa kwetu Miryang. Mikono ilikuwa myekundu mpaka viwikoni, lakini mdomo haukuwa na kazi, basi akasema. Nami nawaambieni kama alivyoniambia.

Juma lililopita hadithi tuliiachia pabaya. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, sikukuu ya mavuno ndiyo kwanza imepita. Bibi Pilsun alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mwenzake wa chumba, Bibi Gumrye, sindano mkononi. Mara juu ya kabati, kwenye lile jicho dogo jeusi la kamera, ikatoka sauti ya mwanamume.

"We bibi! Weka hiyo sindano chini!"

Bibi Pilsun hakuiweka.

"Kijana, mama yako anakufa," alisema bila kugeuka. "Kelele zako zitamsaidia nini?"

"Nakuona! Unamchoma mama yangu! Nakuona!"

"Kama unaona vizuri, mtazame uso."

Lakini uso hakuuona. Jicho lilikuwa nyuma ya Bibi Pilsun. Lilionyesha mgongo wake tu, na kiwiko kinachopanda na kushuka, na kitu kinachometameta. Huyo mwenye sauti ni Byongho, mtoto wa kiume wa Bibi Gumrye. Alikuwa kazini kwake Changwon, ameinamia simu kwenye ngazi za ghala.

Ukweli ni huu. Bibi Gumrye alikuwa amevimbiwa, tena vibaya. Tangu kiharusi kimpige hana ulimi, na upande wake wa kuume umelala. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, na mkono huo ulikuwa unapiga kifua, pu! pu! pu!, huku uso umekuwa kijivu na jasho la baridi linamtiririka.

Bibi Pilsun alibonyeza kengele. Akabonyeza tena. Misuk alikuwa peke yake kwenye korido nzima, wenzake wako likizo ya sikukuu, naye yuko bafuni na mzee aliyejaa povu. Mzee mwenye povu humwachi, atateleza.

Basi Bibi Pilsun akafanya kile ambacho mama zetu walitufanyia sote. Alishuka kitandani akishikilia vyuma. Akamkanda mwenzake mkono, kuanzia begani kwenda chini, kwa nguvu, ili damu mbaya ishuke vidoleni. Na nguvu anazo! Kabla ya uzee alikuwa msuguaji kwenye bafu la umma la wanawake pale nyuma ya soko. Nusu ya wake wa mji huu amewasugua mgongo. Akamfunga kidole gumba kwa uzi mpaka kikawa cheusi. Akaipitisha sindano kwenye nywele zake, mara moja, mara mbili.

"Dada, vumilia."

Akachoma kwenye shina la ukucha.

Tone la damu likatoka, jeusi kama mchuzi wa soya. Halafu Bibi Gumrye akapiga mbweu. Misuk aliisikia kule bafuni. "Nilidhani mtu kabamiza mlango," aliniambia.

Rangi ikarudi usoni. Mkono wa kushoto ukamkamata Bibi Pilsun nguo, haukutaka kumwachia.

Lakini nani alikuwa anatazama hayo? Byongho alikuwa keshaacha kutazama. Alikuwa anampigia simu mkurugenzi.

Mkurugenzi Noh ni mwanamke wa kutabasamu. Aliingia chumbani anatabasamu, na watu wa nyumba ile wanajua: Noh akitabasamu, kuna atakayelia.

"Bibi Pilsun, sindano umeipata wapi?"

"Kwenye pindo la sketi yangu. Mwanamke gani hana sindano?"

"Hapa sindano ni marufuku."

"Na kufa je? Kufa mmekuruhusu?"

Misuk, aliyekuwa amekuja mbio na mikono inachuruzika maji, akaficha kicheko ndani ya taulo.

"Alikuwa amevimbiwa," Bibi Pilsun akaendelea. "Nimemfungua. Si huyo hapo? Muulize."

Noh akamgeukia Bibi Gumrye. Bibi Gumrye akaitikia kwa kichwa, na kuitikia tena.

"Haya. Nakuamini," alisema Noh.

Bibi Pilsun akashusha pumzi. Alishusha mapema.

"Ila kuna jambo moja dogo. Bibi Gumrye hapa hali kitu kigumu. Ni uji na mboga za kusaga basi, kwa sababu kitu cha kunata kitamkaba. Na uji hauvimbishi mtu mpaka akawa kijivu. Amekula nini?"

Misuk aliinama kumpangusa mgonjwa mdomo. Akainuka polepole. "Kinywa kinanukia msonobari," alisema, na akajuta kabla neno halijafika chini.

Msonobari! Nani kati yetu asiyejua kinachonukia msonobari wakati wa sikukuu ya mavuno? Ni vile vikate vya mchele tunavyovipika kwa mvuke juu ya majani ya msonobari, laini, vinavyonata kwenye meno. Kwa mimi na wewe ni sikukuu. Kwa Bibi Gumrye ni kaburi.

"Nani aliyempa?" Noh aliuliza.

"Si mimi," alisema Bibi Pilsun.

"Humu ndani wewe ndiye unayetembea."

"Natembea mpaka chooni. Mnapika vikate chooni?"

Noh akazidi kutabasamu. "Basi hakuna tabu. Jicho lipo, na jicho halisemi uongo. Bwana Byongho yuko njiani anakuja. Tutakaa ofisini mimi na yeye, na mhasibu wetu anayejua mambo ya mashine, tutazame picha za leo tangu asubuhi."

Bibi Pilsun akashika vyuma vya kitanda.

Tangu asubuhi! Asubuhi ndipo Misuk alipomvua Bibi Pilsun nguo zote, akambadilisha nepi ya usiku, akampangusa mwili mzima kwa taulo la moto. Kati ya vitanda vile viwili palikuwa na pazia, lakini liliondolewa jicho lilipokuja, eti linaziba. Jicho liliwekwa kwa ajili ya Bibi Gumrye. Lakini je, jicho lina adabu ya kujua kitanda hiki ni cha nani na kile ni cha nani?

"Msitazame asubuhi," alisema. "Anzeni mchana."

"Kikate kinaweza kuliwa asubuhi, bibi."

"Sitaki."

"Asiyetaka kutazamwa ana la kuficha."

"Ndiyo, ninalo!" Bibi Pilsun akainua sauti mpaka korido ikasikia. "Ninayo matiti, ninalo tumbo, ninayo makalio. Ndiyo ninayoficha. Wewe yako umeyaacha wapi?"

Tabasamu la Noh likayumba kidogo, kisha likarudi mahali pake.

"Hiari yako. Ama tutazame, ama kesho asubuhi unapanda ghorofa ya tatu."

Hapo hata Misuk aliacha kupumua. Ghorofa ya tatu mlango wake una kufuli ya namba. Wanaokaa kule ni waliosahau majina yao, na kila kitanda kina jicho lake. Mwenye akili timamu akipandishwa kule, akili itamfaa nini? Na tangu nyumba ile ijengwe, aliyepanda hajashuka kwa miguu yake.

"Mpigieni simu binti yangu," alisema Bibi Pilsun.

Binti yake anaitwa Jongnan, anakaa Seoul. Alipokea huku vyombo vinagongana kwenye sinki.

"Mama, kuna nini tena?"

"Wanataka kunitazama uchi. Waambie hapana."

"Nani? Mama, nani?"

Misuk akamweleza kwa kifupi. Upande wa pili maji yakafungwa. Kisha ikasikika pumzi ndefu.

"Mama, waache watazame yaishe. Nani ana haja na mwili wa bibi wa miaka themanini na mbili?"

"Mwili wangu una miaka themanini na mbili. Macho yao yana mingapi?"

"Jamani, mama! Maisha yako yote umeshinda uchi na wanawake kule bafuni. Leo aibu imetoka wapi?"

Bibi Pilsun akaishika simu kwa mikono miwili.

"Sikiliza, Jongnan. Kule bafuni anayeniona nami namwona. Akiniangalia tumbo, namwangalia lake. Tunasuguana migongo, tunakula mayai yetu ya kuchemsha, tunavaa, kila mtu kwao. Huyu wa juu ya kabati ananitazama amevaa koti na viatu. Hata sura yake siijui."

Jongnan alipojibu, sauti ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja chungu.

"Mama... nilikubali mimi."

"Ulikubali nini?"

"Hiyo kamera. Lazima wote wa chumba wakubali, ndiyo sheria. Bwana Byongho alinipigia. Alilia, mama. Mama yake ana michubuko mkononi, hajui nani anamuumiza, hawezi kusema. Ningemwambiaje hapana? Nikakubali kwa niaba yako."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala."

Bibi Pilsun alimrudishia Misuk simu bila kuaga. Alikuwa anautazama mkono wa Bibi Gumrye, pale alipoukanda muda si mrefu. Ulikuwa umeshaanza kuwa wa zambarau.

Kumbe! Mara ngapi mwenzake amevimbiwa, naye akamkanda mkono huo huo kwa vidole vyake vya kusugulia? Ile michubuko iliyomliza Byongho haikuwa ya adui yeyote. Vidole vyake mwenyewe ndivyo vilivyoliita jicho chumbani.

Angesema? Nani angemwamini sasa? Kila mlango aliougusa ulikuwa unafungwa kutokea nje.

Byongho aliingia kabla ya chakula cha jioni. Mtu mnene, koti limekunjamana, macho mekundu. Akapiga magoti kwa mama yake, akamshika shavu, akamnong'oneza. Hakumwangalia Bibi Pilsun hata kidogo.

Bibi Pilsun yeye alimwangalia sana.

"Kumbe ndiwe," alisema. "Sogea nikuone vizuri."

"Bibi, sitaki ugomvi. Tutazame kamera, mambo yaishe."

"Haya. Lakini bafu letu lina sheria moja tu: aliyevaa haingii. Ukitaka kunitazama, vua kwanza. Anza na hilo koti."

Misuk akauma mdomo. Byongho akaiva mpaka masikioni.

"Bibi, mbona unaniaibisha? Mimi sikutazami wewe. Namtazama mama yangu tu."

"Leo asubuhi ulitazama?"

"Nilitazama mama anavyokunywa uji."

"Nilikuwa nimevaa rangi gani?"

"Hukuwa ume—"

Akafunga mdomo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na neno likitoka halina mkia wa kulivutia ndani.

Hata Noh akasahau kutabasamu.

"Kila asubuhi?" Bibi Pilsun aliuliza, kwa upole.

"Si mimi peke yangu!" Byongho alijitetea, na utetezi ukawa mbaya kuliko kosa. "Tunapokezana zamu. Mimi, mke wangu, dada yangu Hyangmi, na wanawe wakubwa. Jicho liko kwenye simu zetu zote. Picha na sauti. Mwenye nafasi anamwangalia mama. Hatuangalii mtu mwingine, bibi, naapa!"

Bibi Pilsun akakaa kitandani taratibu.

Simu zao zote. Kwenye basi, kwenye foleni ya benki, mezani watu wakila tambi. Wanamwangalia bibi yao kwa mapenzi, na hapo hapo nyuma, yeye Pilsun anageuzwa upande huu na upande ule kama samaki kikaangoni. Na siku zote hizo alikuwa akimwambia Misuk, funga mlango mwanangu, watu wasinione.

Nini kilibaki cha kuficha?

"Leteni hiyo simu," alisema. "Tutazame. Ila si ofisini. Hapa hapa, na mimi nikitazama. Kama mwili wangu umeshafika sokoni, niacheni nami nipite nione unavyouzwa."

Noh alianza kusema kwamba utaratibu hauruhusu. Byongho alikuwa keshampa bibi simu. Nadhani ni aibu iliyomsukuma mkono.

Misuk alitaka kutoka. Bibi Pilsun akamshika kiuno. "Baki. Na wewe umo humu."

Picha zikaanza. Mwanga wa asubuhi, vitanda viwili, taulo linafuka moshi. Bibi kizee anavuliwa, anainuliwa miguu, anageuzwa. Noh akawa anaangalia dirishani. Byongho akawa anaangalia sakafu. Mle chumbani mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anatazama, bila kupepesa.

"Huyo ni mimi?"

"Ndiyo, bibi," alisema Misuk.

"Mgongo umekwisha," alisema, kama fundi anayekagua kazi.

Kwenye picha Misuk akatoka na beseni. Bibi Pilsun wa kwenye picha akageukia ukutani, akalala. Chumba kikatulia. Halafu mkono wa kushoto wa Bibi Gumrye ukaingia chini ya mto.

Ukatoka na kifurushi. Kitambaa cha buluu chenye mistari myeupe.

Akakifungua kwa meno. Ndani vikate vya mchele, vya kijani na vyeupe. Akala kimoja, macho amefumba kama mtu anayesali. Akala kingine. Akakifunga kitambaa tena, akakirudisha.

"Simamisha!" Noh alisema. "Misuk, angalia chini ya mto."

Misuk akatia mkono. Kikatoka kitambaa cha buluu, na ndani kikate kimoja kilichobaki, kimekauka pembeni.

"Kitambaa cha nani hiki?"

"Si changu," alisema Bibi Pilsun. "Mimi sijawahi kuwa na kitambaa kizuri hivyo."

Misuk aliuona mkono wa Byongho ukienda mfuko wa suruali, pale mwanamume anapoweka kitambaa chake, ukaingia, ukatoka mtupu.

Nanyi mmeshajua. Kitambaa kilikuwa chake. Mkesha wa sikukuu alikuja kumwona mama yake. Alimlisha kikate kimoja kwa mkono wake mwenyewe, kidogo kidogo, mlango umefungwa, Bibi Pilsun amelala uso ukutani. Mama akamwangalia kwa macho ya kuomba. Utoto wake wote mama huyo ndiye aliyemfinyangia vikate vya sikukuu. Angemnyang'anyaje? Akamwachia vilivyobaki. Vya kunusa tu, alimwambia, usile.

"Turudishe picha nyuma," alisema Noh. "Tuone siku kilipoletwa."

"Haiwezekani," Byongho alijibu haraka. "Inajifuta. Ya jana haipo."

Kweli au uongo? Misuk mpaka leo hajui.

"Basi niseme wazi," alisema Noh. "Kanuni ya nyumba hii mnaijua. Akiwa ni ndugu aliyemlisha kwa siri, mgonjwa anaondoka na ndugu yake, kwa sababu siku akifa tutalaumiwa sisi. Akiwa ni wa humu ndani, anapanda juu. Bwana Byongho, ni wewe?"

Kila mtu alimwangalia. Mama yake pia.

"Hapana," alisema Byongho.

Nyumba ngapi humu kwetu zinapokea mgonjwa wa kiharusi asiye na ulimi? Alikuwa amezizunguka zote kabla ya hii. Ndiyo maana alisema hapana.

"Basi tumuulize mwenyewe." Noh akainama juu ya kitanda. "Bibi Gumrye, nani alikupa? Nionyeshe kwa mkono."

Mkono wa kushoto ukainuka. Ukampita Misuk. Ukafika kwa mwanawe, na Misuk anaapa kwamba ulisimama pale, kiasi cha pumzi moja. Byongho akafumba macho.

Kisha ukaendelea.

Ukasimama kwa Bibi Pilsun.

"Dada," alinong'ona Bibi Pilsun.

Bibi Gumrye alikuwa analia, machozi yanaingia masikioni. Lakini kidole hakikushuka.

Hukumu ikatolewa pale pale. Kesho asubuhi, ghorofa ya tatu. Na kwa usiku huu jicho ligeuzwe, litazame kitanda cha Bibi Pilsun, asije akamwinukia mwenzake tena. Misuk akaambiwa apande kigoda aligeuze.

"Nisamehe, bibi."

"Geuza, mwanangu. Kazi ni kazi."

Kule taa huzimwa mapema, hata taarifa ya habari haijaisha. Kitaa kidogo chekundu kikabaki juu ya kabati. Mbele yake Bibi Pilsun. Kando yake, gizani, kilio cha chini chini.

"Dada, acha kulia," alisema. "Utavimbiwa tena, na sindano wameshaichukua."

Kilio hakikukoma.

"Hebu sikiliza. Angekuwa Jongnan wangu mwenye kile kitambaa, kidole ningekunyooshea wewe. Tena mimi nisingesitasita njiani. Lala."

Bibi Gumrye akanyoosha mkono wa kushoto kati ya vitanda, pale pazia lilipokuwa. Haukufika. Ukaning'inia hapo hapo mpaka usingizi ukamchukua.

Ndipo jicho likakohoa.

"Bibi," ilisema sauti ya Byongho, chini sana. "Umelala?"

"Si unaniona? Unauliza nini?"

"Sijaondoka. Niko ndani ya gari, hapa uani. Vikate nilileta mimi."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Mama yako aliponinyooshea kidole. Mtu hamsingizii rafiki yake kwa ajili ya mtu baki."

Ndani ya jicho mtu alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Nikisema watamtoa, bibi. Sina pa kumpeleka. Mke wangu yuko kazini, mimi niko kazini. Nakuomba..."

"Unaniomba nipande ghorofa ya tatu."

Jicho likavuta makamasi.

"Nami nikuombe kitu," alisema Bibi Pilsun. "Ling'oe hili jicho."

"Nikiling'oa nitamwonaje mama?"

"Njoo umwone. Leo si umekuja? Barabara imekumeza?"

Mwanamume mzima akalia juu ya kabati. Bibi Pilsun akangoja amalize, kama alivyokuwa akiwangoja wateja bafuni waliokuwa wakilia chini ya maji ili wasijulikane.

"Kesho Noh atakuja na kiti cha magurudumu," alisema kilio kilipopungua. "Na wewe uwepo. Usimame hapa, miguu miwili sakafuni, nikuone. Hapo ndipo nitasema."

"Utasema nini?"

"Bado sijajua."

"Bibi, tafadhali. Niambie sasa. Nitakaaje usiku kucha bila kujua?"

"Kama nilivyokaa mimi chini ya jicho lako. Nitazame mpaka uchoke."

Akavuta blanketi mpaka kidevuni, uso kuelekea kabatini. Hakuigiza. Muda si muda akaanza kukoroma.

Yaliyobaki Misuk aliyapata baadaye kwa Byongho mwenyewe. Alilaza kiti cha gari nyuma, akaiweka simu kifuani, akaapa hatafumba macho mpaka asubuhi. Humo ndani ya simu bibi kizee alikuwa amelala anamkabili. Alimwangalia. Akajaribu kumsoma uso. Barabara ilikuwa imemchosha, na kilio kimemchosha zaidi. Kichwa kikaegemea dirishani.

Simu ikatetemeka kifuani pake. Ujumbe ulikuwa wa dada yake Hyangmi.

"Kaka, zamu ya usiku huu ilikuwa yangu. Nimesikia yote. Nimeshampigia mkurugenzi nikamweleza vikate ni vyako."

Byongho hakuusoma. Alikuwa keshalala.